Kibuyu Kilichofukizwa kwa Moto wa Samaki

Harufu ya samaki wa moshi ilifika msibani kabla ya aliyeibeba. Nilikuwa nimekaa mkekani na shangazi zangu, macho yamevimba, nikaisikia ikipita juu ya harufu ya maharage na vumbi la watu waliotoka makaburini. Kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani Mama amerudi. Kisha nikakumbuka kwamba tumetoka kumzika.

Wapo watu ambao harufu ya utoto wao ni maandazi, au sabuni ya kipande. Yangu ni perege. Kwa mtu wa kwetu Dirma hilo si jambo la kutangaza, hasa mbele ya wazee, kwa sababu sisi ni watu wa mahindi na ng'ombe. Wa rika langu mnakumbuka bibi zetu walivyomsema samaki. Walimwita nyoka wa majini na walitema mate wakimtaja. Leo wajukuu wao wanakula samaki wa kukaanga pale Katesh, na soda juu, na hakuna aliyekufa.

Bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Ama, alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: samaki na maziwa havilali nyumba moja. Ukivikutanisha, ng'ombe atakauka. Mama aliolewa katika sheria hiyo na aliikubali. Lakini mwaka mmoja mahindi yalikauka yakiwa bado mafupi, tukaanza kula uji mara moja kwa siku, na Mama akamwambia Baba kwamba kuna wanawake wanaotoka ziwani Basotu na samaki, wanawauzia walimu na watu wa mnadani, na watoto wao wanashiba. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimtazama Ama, Ama akatazama ukuta, na mwishowe ruhusa ikatoka, na masharti yake. Samaki wasiingie ndani. Mama asikamue siku anayotoka ziwani. Na asiguse kibuyu chochote cha maziwa mpaka alale na kuamka.

Basi Mama akajijengea kibanda cha fito nyuma ya boma, akaweka kichanja cha kukaushia, akawa mchuuzi wa samaki. Alikuwa akiondoka alfajiri mara mbili kwa juma, analala ziwani, anarudi kesho yake jioni na tenga kichwani. Mahindi yalipokubali tena mwaka uliofuata, tulidhani ataacha. Hakuacha.

Hapo ndipo ugomvi wangu naye ulipoanza, ingawa yeye hakujua kwamba tunagombana. Mimi ndiye mkubwa, na kila aliporudi nilimkimbilia mikono wazi. Na kila mara aliniambia, kabla sijamfikia, "Simama hapo hapo, Paskalina!" Nilisimama. Alinipita, akaingia kibandani, akavua gauni la ziwani na kulitundika kwenye msumari, akajisugua mikono kwa majivu, kisha kwa limao, kisha kwa majivu tena. Akitoka hapo ndipo ananishika kichwa, na mimi nimeshanuna. Nilidhani hanitaki. Haikunijia kabisa kwamba alikuwa akiilinda sare yangu ya shule, ile moja niliyokuwa nayo, isije ikanuka nikachekwa darasani. Hilo nililitambua nikiwa na watoto wangu, na wakati huo tayari nilikuwa nimeshamfanyia nililomfanyia.

Aliwahi kunichukua siku moja, wakati wa likizo. Tulitembea asubuhi nzima na mlima Hanang ukiwa mgongoni mwetu, mpaka ziwa likajitokeza katikati ya mashamba ya ngano. Nilitegemea kumwona Mama yuleyule. Nilimkuta mtu mwingine. Kule hakuitwa mke wa fulani. Walimwita Fundi. Wanawake walikuwa wamekaa ufukweni wakisubiri mitumbwi, kwa sababu wavuvi waliamini kwamba mwanamke akipanda mtumbwi wavu hurudi mtupu. Nyumbani samaki anaharibu maziwa, ziwani mwanamke anaharibu samaki, na Mama alikuwa katikati ya miiko hiyo miwili, amejifunga kanga kiunoni, anafanya kazi.

Na kazi aliijua! Alikuwa akipara magamba yakiruka mpaka kwenye nyusi zake, anampasua perege mgongoni kwa mkato mmoja, anamfungua kama kitabu, anamtia chumvi na kumlaza kichanjani. Wengine walichoma kuni zozote. Yeye alianza na kuni ngumu, akamalizia na magunzi ya mahindi, polepole, mpaka samaki akawa na rangi ya chai ya rangi. Rafiki yake, Mama Zaituni, Mnyiramba aliyehamia pale kutoka upande wa Singida, alikuwa na kichanja kilichopakana na chake. Walitaniana siku nzima.

"Fundi, wewe huyu samaki unamkausha au unamlea?" alimwuliza.

"Namlea. Wa kwako wewe umemzika."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Viboko walikuwa wakiguna majini, moshi ulikuwa unaniingia machoni, nami nilikaa kwenye jiwe nikimwangalia mama yangu akicheka. Nyumbani hakuwa anacheka namna hiyo. Nilirudi Dirma na uamuzi wa mtoto wa miaka tisa: anapenda kule kuliko kwetu. Nasema ukweli leo, sikukosea. Nilichokosea ni kudhani kwamba akipenda kule, kwetu kunapungua.

Miezi michache baadaye nilikuwa najiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Gauni jeupe lilikuwa limeshaazimwa. Jumatano jioni Mama alikuwa amerudi toka ziwani, akaniambia kwamba Ijumaa anaenda tena, Jumamosi jioni atakuwa nyumbani, Jumapili asubuhi atanisuka na twende wote kanisani. Nilimwambia asiende. Akasema samaki hawajui Komunyo. Alikuwa anatania, lakini mimi sikuwa na hamu ya utani.

Jioni hiyohiyo Ama alinituma nikamwite Mama. Nilifika kibandani nikachungulia kati ya fito. Mama alikuwa ameinama. Alichomoa kijiti chenye moto chini ya kichanja, pale pale perege walipokuwa wakidondosha mafuta, akakizima, akakiingiza mdomoni mwa kibuyu, akakizungusha humo ndani, akakung'uta mkaa. Wenye ng'ombe mnajua kitendo hicho. Ndivyo Ama alivyofukiza vibuyu vyake kila asubuhi ili maziwa yakae na yawe matamu. Na huyu hapa Mama, siku ya kutoka ziwani, ameshika kibuyu, tena kwa moto wa samaki.

Kibuyu hicho kilikuwa na shanga shingoni, za buluu, mstari mmoja. Vibuyu vya Ama vilikuwa vingi, vikubwa kwa vidogo, vyote na kamba ya ngozi, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na shanga. Niliziona. Nataka hilo lieleweke, kwa maana nimeishi miaka mingi nikijidanganya kwamba kulikuwa na giza.

Kesho yake asubuhi ng'ombe wetu mkubwa, Doa, alitoa maziwa mazito yenye damu. Kiwele kilikuwa kimevimba upande mmoja na kilikuwa cha moto. Ama, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufunga utando, alikipapasa kwa muda mrefu. Kisha akatuita wote jikoni, Baba, Mama, mimi na wadogo zangu wawili, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amegusa vyombo?"

Nilitazama begi la Mama la safari, lilikuwa limeshaning'inizwa mlangoni tayari kwa Ijumaa.

"Mama," nikasema. "Jana. Nilimwona anafukiza kibuyu kwa moto wa samaki."

"Kibuyu kipi?" Ama akauliza.

Swali lilikuwa fupi na jibu lake lilikuwa rahisi. Ningesema, kile chenye shanga.

"Cha maziwa," nikasema.

Baba akainuka. Akaenda kibandani, akatoka na kitu mkononi amekifunika kwa koti, akazunguka nacho nyuma ya boma. Tulisikia kikipasuka kwenye jiwe. Aliporudi Ama akamwuliza, "Kilikuwepo?" Baba akajibu, "Kilikuwepo," akakaa.

Ama akamgeukia Mama. Hakumkaripia, na pengine ingekuwa afadhali. "Mama Paskalina," alimwambia, "mtoto huyu amesema uongo?"

Mama alinitazama. Nimetafuta neno la mtazamo ule maisha yangu yote na sijalipata, kwa hiyo nitasema tu kwamba ulikuwa mrefu, na kwamba hakukuwa na hasira ndani yake. Jikoni maji yalikuwa yanachemka na hakuna aliyeyaepua.

"Paskalina hasemi uongo," akasema.

Nilifurahi. Sina namna ya kulipamba. Nilisikia amekiri, kwa hiyo nilichosema kikawa kweli, na shanga zile nikazitoa kichwani. Ama aliniita mtoto mwenye macho, akanipa siagi kwenye ugali siku hiyo. Jumamosi nilipokwenda kitubio kwa padri nilitaja sukari niliyoiba na ndoo ya maji niliyoimwaga kwa hasira. La kibuyu sikulitaja. Mtu haungami ukweli.

Jumapili Mama alinisuka. Alikaa nyuma yangu, mikono yake ikinukia sabuni tupu, akanivalisha gauni jeupe na akaimba kanisani kama wengine. Nilipata nilichotaka. Ruhusa ya ziwani ilifutwa, na Baba akakivunja kichanja, miti yake akaifanyia zizi la ndama. Kibanda kikawa cha kuku. Ijumaa ikafika, Jumanne ikafika, na Mama alikuwepo tu, kila siku, shambani, jikoni, kisimani. Watu walipouliza mbona hawaoni samaki, alisema miguu inamsumbua.

Nilimpata mama nyumbani, lakini yule wa kucheka mpaka kushika mbavu sikumwona tena. Alikuwa mpole, alikuwa mchapakazi, hakunikemea zaidi ya kawaida. Ila lori la kutoka Basotu likipita barabarani, alinyoosha mgongo, akasimama na jembe mkononi mpaka vumbi litulie, kisha akainama tena. Nilimwona akifanya hivyo nikiwa mtoto, nikiwa msichana, na hata nilipokwenda na mume wangu kumjulia hali. Sikuuliza.

Mimi leo ni afisa mifugo. Ndiyo, chekeni. Nimetibu viwele vingi vilivyovimba, katika maboma mengi, kuanzia Masieda hadi huku kwetu, na hakuna hata kimoja kilichopatwa kwa sababu ya perege. Nilipokuwa bado chuoni nilirudi likizo nikamkuta Mama anapukuchua maharage, nikajikaza nikamwambia, "Mama, yule Doa alikuwa na ugonjwa wa kiwele tu. Ni vijidudu. Haikuwa samaki."

"Najua," akasema, akaendelea kupukuchua.

Hapo ndipo ningepiga magoti. Lakini nilikuwa na kijiwe changu cha kusimamia: mwiko ni mwiko, hata kama hauna maana, naye aliuvunja, na mimi nilisema nilichokiona. Ukweli haupigiwi magoti. Nilikaa kando yake nikamsaidia maharage, tukazungumza habari za mvua.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja siku ile ya mazishi, na bodaboda kutoka Basotu, amevaa kitenge cha kijani na kandambili, amebeba kifurushi cha gazeti kinachonuka moshi. Alikuwa mzee sana. Hakuja mkekani kwenye wanawake wengine. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akakaa kwenye kigogo karibu na banda la kuku, kama mtu anayejua mipaka ya nyumba hiyo. Nilimfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Paskalina?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni Mama Zaituni. Nimesimuliwa njiani ulivyosoma wasifu wa marehemu." Aliweka kifurushi mapajani. "Wanasema umesoma vizuri. Mkulima, mama wa nyumbani, mwanakwaya. Mbona hukumtaja Fundi?"

Wasifu niliuandika mwenyewe, ukurasa mzima, na ziwa halikuwemo hata kwa mstari mmoja.

"Nafasi yake ya kichanja niliishikilia mpaka mvua zikaisha," akasema. "Walikuwa wanaitaka wengine, nikawaambia Fundi anarudi. Alikuja mara moja tu, kuaga. Nikamwuliza, kulikoni? Akanieleza habari ya kibuyu."

"Kibuyu gani, mama?"

"Changu! Nilimpa mimi. Kile cha kubebea uji wa njiani, maana alikuwa anatembea na njaa. Cha shanga. Nikamwambia, twende wote sasa hivi, nitasimama mbele ya huyo mama mkwe wako niseme kibuyu ni changu, hakijawahi kuonja hata tone la maziwa. Akakataa."

"Kwa nini?" Nilijua kwa nini. Niliuliza kwa sababu mdomo ulikuwa wazi.

Mama Zaituni alinitazama bila chuki yoyote. "Akasema, nikieleza hivyo, mwanangu anakuwa mwongo mbele ya bibi yake, tena juma la Komunyo. Jina hilo litamfuata mpaka aolewe. Mimi nikiacha samaki, wapo wengine watakausha. Ndivyo alivyosema. Akaniomba radhi kwa kibuyu kupasuliwa, akaondoka. Huyo ndiye mama yako."

Alinipa kifurushi. Ndani walikuwamo perege wawili wa rangi ya chai ya rangi. "Namalizia na magunzi," alisema. "Alinifundisha yeye." Nilimbembeleza aingie ndani ale, akasema hapo alipo panatosha. Jioni alipanda bodaboda yake akaenda zake. Samaki niliwatundika bandani, kwenye msumari uleule wa gauni la ziwani. Mikono yangu ilikwenda huko yenyewe.

Siku ya tatu ukoo ulikaa kugawa nguo na vyombo vya marehemu. Shangazi wawili, wadogo zangu, Baba kwenye kiti chake na fimbo kati ya magoti. Ama alishatutoka zamani. Walipomaliza vitenge na sufuria, shangazi mkubwa akauliza kama kuna mwenye neno. Nilisimama.

Nikawaambia. Nilisema kwamba Mama hakuwahi kuvunja mwiko wa nyumba hii hata mara moja. Nilisema kibuyu nilichomwona nacho kilikuwa na shanga, na vya Ama havikuwa na shanga, na kwamba niliona tofauti hiyo kwa macho yangu na bado nikasema ni cha maziwa, kwa sababu nilitaka akae nyumbani. Nilisema alijua nimesema uongo na akaufanya kuwa ukweli ili nisichafuke. "Hakuacha ziwa kwa ajili ya miguu," nikasema. "Niliyemtoa ziwani ni mimi."

Shangazi mdogo alianza kulia. Shangazi mkubwa akasema, "Ulikuwa mtoto, Paskalina, mtoto haelewi," na nilikuwa nafungua mdomo kumwambia kwamba nilielewa, Baba alipogonga fimbo chini mara moja. Hakututazama. Alikuwa anatazama pale nyuma ya boma, penye lile jiwe.

"Za buluu," alisema.

Katika yote niliyoyasema, sikuwa nimetaja rangi.